Shaucha na santosha: si kuoga tu, wala si kubweteka
Je, usafi kwenye yoga ni kuoga tu, na kuridhika ni kuacha kujitafutia? Hapana, usafi wa yoga hauishii bafuni, na kuridhika hakukukatazi kutafuta maisha bora. Kwenye Yoga Sutra, aya za kale za Kihindi kuhusu yoga zinazohusishwa na Patanjali, sura ya 2 aya ya 32, shaucha (usafi) na santosha (kuridhika) ndizo mbili za kwanza kati ya niyama 5, yaani kanuni za mwenendo binafsi. Ya tatu ni tapas, yaani kujitahidi kwa nidhamu. Patanjali angekuwa anafundisha kubweteka asingeziweka pamoja. Vyasa, mfafanuzi wa kale wa aya hizo, anasema usafi wa nje ni wa maji, udongo na chakula safi, na wa ndani ni kuosha uchafu wa akili. Huo wa ndani ndio mgumu: umeoga alfajiri, saa tatu umeshamsengenya jirani. Santosha kwake ni kutotamani kujilimbikizia zaidi ya ulichonacho mkononi. Kwa hiyo fanya kazi kwa bidii, ila usisubiri nyongeza ya mshahara ndipo ule ugali wako kwa shukrani. Tahadhari kuhusu usafi wa nje: ukisafisha pua kwa maji ya chumvi (jala neti, zoezi la usafi la yoga), tumia yaliyochemshwa yakapoa, si ya bomba moja kwa moja.