Mkeo kashaisoma sura ya nne, we ndo hujamsoma yeye

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, nimeokoka, nina mke na watoto wawili. Miaka saba sasa nachambua muvi kwa jicho la Kikristo na Mungu kafungua mlango, mchapishaji amekubali kitabu changu. Tatizo ni mke wangu. Zamani ndo alikuwa msomaji wangu wa kwanza, ila toka nisaini mkataba kabadilika, haongei, kwenye uzinduzi kasema haji. Mswada nimemuwekea mezani hii wiki ya tatu hajafungua hata ukurasa mmoja, zaidi ya kunikunjia ukurasa wa 61 sijui kwa kuwekea vitu juu yake. Mhariri anasema sura ya nne, ile ya mwaka mgumu wa ndoa yetu, ndo roho ya kitabu. Yaani sapoti ya mke wangu ingekuwa muvi ningeipa nyota moja kati ya tano. Nifanyeje, maana naona kabisa adui anamtumia?*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa kitabu, najua sio kazi ndogo, mtu unaandika usiku na mchana unatuma huku na kule, wengine wanakukataa na wengine hawajibu kabisa. Pole na uchovu. Huruma yangu imeishia hapo.

Wasomaji wangu, hii barua nimeikata, ilikuwa ndefu balaa. Ukurasa mzima kaka wa watu anajitetea kwamba muvi sio dhambi, kwamba Vatican wenyewe mwaka 1995 sinema ilipotimiza miaka 100 walitoa orodha ya filamu 45 nzuri, kwamba pale Cannes, kwenye tamasha la filamu la Ufaransa, tangu 1974 kuna jopo la Wakristo, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, linatoa tuzo yake. Na Wafilipi 4:8, ule mstari wa kuyatafakari yaliyo ya kweli na safi, kaitembeza barua nzima kama tiketi ya kuingilia ukumbini. Mwanangu, yote hayo ni kweli ila nani kakuuliza? Mkeo hajalalamikia muvi popote kwenye hii barua. Kakaa na muvi zako miaka saba, ukirudi na kile kidaftari ulichoandikia gizani mistari imepandana kama njia ya siafu, umesema mwenyewe yeye ndo alikuwa anakusaidia kukisoma. Huyo ndo adui anamtumia?

Sasa tuje ukurasa wa 61. Unasema hajafungua, afu hapo hapo unasema umekunjwa. Karatasi haijikunji, na kitu kikiwekwa juu ya mswada uliofungwa kinakunja ya juu, hakiendi kuchagua ya 61 huko katikati. We ni mchambuzi, kazi yako ni kuona kikombe kimehama kutoka meza hii kwenda ile kati ya picha mbili, ukurasa uliokunjwa nyumbani kwako unakushinda? Nenda kaangalie ukurasa wa 61 uko sura ya ngapi, mi naweza kukuambia kabla hujafika mezani. Kaisoma. Kafika pale kashindwa kuendelea, kakunja, karudisha kama ulivyoiweka. Wiki tatu anakusubiri useme kitu na we unasubiri akupongeze.

Kilichomo kwenye hiyo sura sikirudii hapa, ulinieleza chote na hata mimi sikupaswa kujua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndo imeenda kuumwaga mtungi kwa mchapishaji. Barua nzima nimetafuta sehemu ulipomuomba ruhusa sijaiona. Nimeona ulipomuomba aje uzinduzi, tena avae vizuri.

Afu hizo nyota. Mwanangu nyani haoni kundule! Unamsema mwongozaji kwamba kamtumia mwigizaji wa kike vibaya, kamuanika bila sababu, makala zako zimejaa hayo, halafu we umechukua machozi ya mkeo ukayafanya kilele cha kitabu.

Kuna mahali pengine umesema umepunguza kazi ya kuajiriwa ili umalize mswada na sasa "tunaishi kwa imani". Nikarudi juu nikaona mkeo kaajiriwa. Basi hiyo imani inaamka saa kumi na moja alfajiri, inaandaa watoto, inaenda kazini na mwisho wa mwezi inaleta mshahara. Maana malipo ya awali ya kitabu kwa kawaida yanakuja vipande vipande, kidogo ukisaini, kidogo ukikabidhi mswada, kidogo kitabu kikitoka, na mrabaha, yaani fungu lako kwenye mauzo, huuoni mpaka mauzo yarudishe kwanza ile hela waliyokutanguliza. Mkeo ndo kabeba kitabu chako mgongoni na kwenye shukrani umemuweka mstari wa mwisho, baada ya mhariri.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu jamani, na waliookoka ndo tumezidi kwa sababu sisi tunauita ushuhuda. Watu wamegombana asubuhi, jioni mmoja kashika maiki anaeleza Mungu alivyowavusha, mwenzie kakaa kiti cha tatu anatabasamu meno yanamuuma. Ushuhuda wa watu wawili hautolewi na mmoja! Na mimi sijitoi, mwanzoni mwa safu hii niliandika utani kuhusu marehemu mume wangu na kukoroma kwake, watu wakacheka sana. Yeye alisoma gazeti akalikunja vizuri, akahamia kulala sebuleni siku nne, eti nisipate tabu.

Kwa hiyo leo habari ya uzinduzi usiitaje. Laza watoto, kaa naye, fungua pale pale alipokunja umuulize, niitoe? Afu nyamaza. Usianze na "lakini mhariri anasema". Akisema itoe, itoe yote, usimbadilishe jina ukadhani umeficha, dunia nzima inajua una mke mmoja. Akisema kuna aya zinaweza kubaki, basi kalamu ashike yeye. Na mhariri mpigie mapema kurasa hazijapangwa tayari kwa kuchapwa, maana mswada ukiwa bado kwenye uhariri kutoa sura inawezekana, zikishapangwa kila mtu atakununia na mikataba mingi inamkata mwandishi gharama akizidisha mabadiliko. Mkataba wenyewe usome tena, mara nyingi kuna kipengele unathibitisha hujaingilia faragha ya mtu, ulisaini hapo huku mkeo yuko jikoni hajui kitu.

Eti mhariri atasema roho ya kitabu imetoka. Aseme. Mhubiri wa kwenye Biblia alishaandika hakuna mwisho wa kutunga vitabu vingi, utatunga kingine.

Ukishaongea naye niandikie tena nijue imeishia wapi, ila safari hii barua aisome yeye kwanza kabla hujanitumia.