Pesa ya likelemba na faradhi ya Hija

Waaleikum salaam ndugu wa Lubumbashi. Unauliza kama zamu yako ya likelemba (mchango wa kupokezana pesa kwa zamu) inakufanya mwenye uwezo wa Hija, au Umra, ziara ndogo ya Makka, ya Ramadhani itatosha kwanza.

Umra haiondoi Hija, hata ukiifanya kila mwaka. Hija ni faradhi mara moja maishani kwa mwenye uwezo (Qur'ani, Aal Imran, 97).

Sasa pesa. Ukiwa umepokea zamu ya kwanza, yako halisi ni ile uliyokwisha kuchanga tu; iliyobaki ni deni, na wenzako wanaingojea. Ukipokea wa mwisho, yote ni yako. Toa madeni yaliyofika muda, kisha toa posho ya nyumbani mpaka siku ya kurudi: chakula, kodi ya nyumba, minerval (ada ya shule) ya watoto. Kinachobaki kikitosha safari, kwenda na kurudi, usiahirishe ili ununue kiwanja cha pili. Duka linalokulisha, usiliuze.

Kosa la wanaopitia Addis Ababa ni kuacha nguo za ihramu (vazi na hali ya kuingia ibada ya Hija au Umra) kwenye sanduku la chini ya ndege. Mikati, mpaka ambao hujaji havuki bila ihramu, inapitwa angani kabla ya kutua Jeddah. Vaa Addis, utie nia kabla ya kuivuka. Ukiivuka bila ihramu, kwa wanazuoni wengi unachinja kondoo Makka.

Kusimama Arafa, uwanja ulio nje ya Makka, ni tarehe 9 Dhulhija, kuanzia adhuhuri. Alfajiri ya 10 ikikukuta hujafika, Hija imekupita.