Kompyuta iliyouzwa kama mpya kumbe dhamana imeshakwisha: je, inarudishwa?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nina steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nilinunua kompyuta mpakato kwa kijana wa Dar es Salaam anayeuza mtandaoni, akanitumia kwa basi. Tangazo lake lilisema "mpya, waranti mwaka mmoja". Bei ilikuwa shilingi 850,000. Nililipa 700,000 kwa simu na 150,000 tukakubaliana nimalizie baadaye. Mwezi wa tano tangu niinunue ikazima. Fundi wa hapa akaifungua, akasema bodi imekufa. Muuzaji ananijibu kwamba waranti ni ya kiwanda niwafuate wenyewe, kwamba nimevunja stika ya dhamana, na kwamba risiti imeandikwa "mali ikiuzwa hairudishwi". Juzi wakala wa kiwanda ameingiza namba ya mashine akakuta iliuzwa mara ya kwanza nje ya nchi, na dhamana ilikwisha kabla hata sijainunua. Je, nina haki ya kuirudisha? Naweza kuizuia ile 150,000? Na nikiweka picha yake mtandaoni watu wamjue, nitapata dhambi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah, ndugu yangu.

Kwanza tuweke sawa unachodai. Kompyuta kuzima peke yake hakukupi haki ya kurudisha. Kitu kipya nacho hufa, na umeme ukipanda na kushuka unaua bodi bila kuuliza ina umri gani. Kasoro iliyozaliwa mikononi mwa mnunuzi, asili yake ni hasara ya mnunuzi, ila kama kuna ahadi. Nguvu ya dai lako iko kwenye maneno ya wakala: uliuziwa kitu kwa sifa ya upya, na sifa hiyo haikuwapo siku ya kuuziana.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye lundo la chakula sokoni, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Akamwambia: mbona hukukiweka juu watu wakakiona? Anayeghushi si katika mimi. Hadithi hii ameipokea Muslim. Wauza mchele wa Kyela hawahitaji kufafanuliwa hapo. Na katika Bukhari na Muslim limekatazwa kuacha kumkama mnyama siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi ahadaike. Aliyeuziwa hivyo ana hiari, akitaka anabaki naye, akitaka anamrudisha. Kompyuta iliyotumika nchi nyingine, ikafutwa vumbi na kufungwa katika boksi jipya, ina hukumu hiyo hiyo.

Huenda kijana naye alidanganywa na aliyemuuzia jumla. Hilo linamwondolea dhambi ya udanganyifu, halimwondolei dhima. Wewe unarudi kwake, naye atarudi kwa aliyemuuzia.

Kuhusu "waranti ni ya kiwanda": aliyetamka mwaka mmoja ni nani? Viwanda vingi vya kompyuta huhesabu dhamana tangu mauzo ya kwanza, na vingine huifunga kwa nchi ilikouzwa. Mfanyabiashara wa kompyuta anaweza kuliangalia hilo kwa namba ya mashine kabla hajaandika tangazo. Qur'ani inatuamuru tutimize mikataba (5:1), na Mtume amesema Waislamu wako juu ya masharti yao. Akiahidi mwaka bila kutaja kiwanda, mwaka huo ni wake.

Maneno ya risiti yana kisa chake. Abdullah bin Umar aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Mnunuzi akalalamika kwamba mtumwa ana maradhi, kesi ikafika kwa khalifa Uthman bin Affan. Uthman akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa na habari ya maradhi yoyote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua mtumwa wake, na baadaye akamuuza kwa dirhamu 1,500. Kisa kimo katika Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik. Madhehebu yetu ya Shafi'i yamebana zaidi: sharti la namna hiyo humwokoa muuzaji katika kasoro iliyofichika ya mnyama tu, ambayo mwenyewe hakuijua. Kompyuta si mnyama. Kwa hiyo sentensi ile ya risiti, ambayo nchi hii imepigiwa chapa kila duka, haikufungi katika jambo hili.

Stika nayo. Mafaqihi wetu, yaani wanazuoni wa sheria, walijiuliza zamani: mtu amenunua nazi, akaivunja, akakuta imeoza, arudisheje nazi iliyovunjwa? Wakajibu, kwa kauli iliyo na nguvu zaidi, kwamba anairudisha na halipi kitu, kwa sababu ubovu wake haujulikani ila kwa kuvunja. Fundi aliyefungua skrubu ili aone tatizo yuko hapo. Lakini muulize fundi wako kwa ukali kidogo: je, alitoa kipande chochote, alichomelea kitu, alibadilisha diski? Kama ndiyo, hiyo ni kasoro mpya iliyotokea kwako. Muuzaji halazimiki kuipokea hivyo, na mtaelewana ama alipwe upungufu huo, ama wewe ubaki nayo akurudishie tofauti ya thamani.

Sasa haraka. Katika madhehebu yetu hiari ya kasoro, yaani haki ya kurudisha kitu chenye kasoro, ni ya papo hapo tangu ujue. Usiiwashe wala kuitumia tena. Mwandikie leo, mbele ya mashahidi wawili, kwamba umevunja mauzo kwa sababu hii. Haihitaji ridhaa yake wala hukumu ya kadhi. Miezi uliyoitumia hudaiwi kodi ya matumizi, kwa kuwa ingeibiwa hasara ingekuwa yako. Nauli ya basi ya kuirudisha ni juu yako, hata kama inauma.

Na hapo ndipo 150,000 inapojibiwa. Usiizuie kimyakimya kama kisasi huku ukiwa bado mwenye kompyuta. Ukishavunja mauzo, deni linaanguka lenyewe, na yeye anadaiwa 700,000 aliyopokea. Mkisuluhishana ubaki nayo kwa bei ndogo, hilo ni jema na pengine ni jepesi kwenu wote.

Akikataa, anza na kadhi wa mkoa wa BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, kwa usuluhishi. Mkishindwana, kuna Tume ya Ushindani (FCC), ambayo kumlinda mlaji ni kazi yake, na kuna Mahakama ya Mwanzo. Tangazo lake, ujumbe wa malipo na majibu yake vyote vihifadhi, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ushahidi wa aina hiyo.

Picha yake acha. Mwenyezi Mungu amemruhusu aliyedhulumiwa kusema (4:148), kwa hiyo akishindikana unaweza kuwaonya wanunuzi kwa kueleza kilichotokea: tangazo lilisema hivi, wakala amekuta hivi, nimedai na hajalipa. Kumwita mwizi, kuanika sura yake au kuitaja familia yake kunavuka kiasi hicho, hasa ikiwa bado hujajua kama alikusudia. Kabla ya yote hayo mpigie simu mara moja, kwa sauti ya chini, umsomee majibu ya wakala. Huenda hajawahi kuyasikia.

Wallahu a'lam.