Anodaizi ya alumini nyumbani: kabla ya kulaumu rangi, kagua waya na baridi ya Mbeya

Lalamiko ninalolisikia mara nyingi kutoka kwa vijana wanaoanza kufanya anodaizi nyumbani, yaani kuotesha tando la oksidi juu ya alumini kwa umeme ili ishike rangi, ni kwamba kipande kimekaa kwenye asidi muda wote unaotakiwa, kimetumbukizwa kwenye rangi, na kimetoka vilevile kilivyoingia, au kimepauka kiasi cha kukatisha tamaa. Wengi hukimbilia kubadilisha rangi. Kwa uzoefu wangu hapa Mbeya, rangi ndiyo ya mwisho kushukiwa. Cha kwanza ni waya unaokiunganisha kipande na umeme, na cha pili ni joto la asidi.

Kipande cha alumini huunganishwa kwenye upande chanya wa chaja, na bati la risasi au la alumini kwenye upande hasi, vyote vikiwa ndani ya asidi ya salfa iliyozimuliwa. Umeme ukipita, juu ya kipande huota tando la oksidi lenye vinyweleo vidogo mno, na ni humo ndimo rangi inamoingia. Tando hilo halipitishi umeme. Kwa hiyo waya ukiwa umelegea hata kidogo, tando hupenya chini yake na kuukata umeme kimyakimya, huku chaja ikiendelea kuwaka kana kwamba kazi inafanyika. Tazama ampea: zikishuka karibu na sifuri katika dakika za mwanzo ilhali volti hazijapunguzwa, usisubiri, toa kipande ukaze upya. Waya uwe wa alumini. Shaba na chuma huliwa na asidi na kuiharibu. Mimi hukata utepe mwembamba kutoka kwenye mabaki yale yale ya fremu za madirisha, nikaupitisha kwenye tundu la kipande na kuukandamiza kwa koleo mpaka usicheze. Baada ya kazi, pale ulipobana hubaki alama ndogo inayong'aa, na hiyo ndiyo dalili kwamba muunganiko ulishika mpaka mwisho. Kabla ya kutia rangi, gusa uso wa kipande kwa ncha mbili za multimita (kifaa cha kupimia umeme) bila kukwaruza. Ikionyesha kwamba umeme unapita, hakuna tando, na hakuna rangi itakayokaa.

Kama muunganiko ni mzuri na rangi bado imepauka, pima joto la asidi. Maelekezo mengi yanataka nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi, na onyo linalorudiwa zaidi ni la asidi kupata joto kupita kiasi, jambo ambalo ni kweli, kwa sababu ikizidi nyuzi 25 hivi tando huwa laini na huacha unga mweupe mkononi. Lakini huku kwetu mwezi wa Juni na Julai shida ni kinyume chake. Asidi iliyolala kwenye banda hapa Uyole huamka ikiwa ya baridi sana, na katika baridi hiyo tando huwa gumu lenye vinyweleo vyembamba visivyopokea rangi vizuri. Weka chombo cha asidi ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu mpaka kipimajoto kisome 20, na usithubutu kutumbukiza hita ya maji ndani ya asidi. Kwa umeme, ampea 1.5 kwa kila desimita ya mraba (sentimita 10 kwa 10), kwa dakika 45 hadi saa moja, zinatosha hata kwa rangi nyeusi. Kumbuka kuhesabu pande zote mbili za kipande.

Asidi mpya ya betri ikichanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini hufaa, ila ile iliyomwagwa kutoka kwenye betri kuukuu ina risasi, na haifai. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, polepole. Kamwe si maji kwenye asidi. Vaa miwani na glavu, fanyia kazi mahali penye hewa kwa sababu haidrojeni inayotoka hulipuka ikikutana na moto, na weka ndoo ya magadi yaliyoyeyushwa karibu kwa ajili ya asidi itakayomwagika.

Kuhusu malighafi, vipande vya fremu za madirisha kutoka kwa mafundi wa Mwanjelwa hufanya vizuri, mradi uondoe kwanza rangi au tando la kiwandani. Vitu vya kusubu vyenye silikoni nyingi hutoka vya kijivu hata ufanye nini, na sishauri mtu ajifunzie navyo.

Lipo jambo jingine ambalo watu wa pwani hawalazimiki kulifikiria. Rangi ikishaingia, vinyweleo hufungwa kwa maji yanayochemka, na kazi hiyo hutaka nyuzi 96 au zaidi. Mbeya mjini tuko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yanachemka, yanatoa mvuke, lakini hayajafika, na ndiyo maana kipande kilichopendeza jioni huchujuka kikishikwa na mikono yenye jasho. Ongeza muda mpaka saa nzima badala ya nusu saa, au tumia sufuria ya presha ambayo haitapikiwa tena chakula, kipande kikining'inia juu ya maji ili kifungwe na mvuke. Kisha dondosha tone la rangi ya aina nyingine mahali pasipoonekana, subiri dakika chache, ufute kwa kitambaa chenye maji. Likiacha doa, kirudishe kwenye mvuke.