"Ulipitia kwa Nani?" Jibu Langu kwa Kijana wa Makete Kuhusu Udhamini wa Mikutano ya Tabianchi

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msichana wa Makete ambaye amekuwa akisoma makala zangu tangu mwaka jana. Aliandika hivi: "Shikamoo dada. Naomba uniambie ukweli, ulipitia kwa nani hadi ukapelekwa Ujerumani? Mimi nimeomba mara nne na sina mtu ninayemjua huko." Swali hilo lilinichoma, kwa sababu miaka mitatu iliyopita niliwahi kumuuliza mtu mwingine swali hilohilo, naye hakunijibu.

Mdogo wangu, sikupitia kwa mtu. Lakini najua kwamba jibu hilo halikusaidii chochote, kwa hiyo nitakueleza habari yote, pamoja na ile sehemu ambayo kwa muda mrefu sikupenda kuisimulia.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa mpunga wa Ubaruku, wilayani Mbarali, na ni katibu wa vijana katika umoja wa watumia maji wa skimu yetu. Kazi yangu ya kila asubuhi ni kusoma kijiti kilichosimikwa kando ya mlango wa maji wa mfereji wetu mkuu. Kijiti hicho kimechongwa alama kila baada ya sentimita 10 na kupakwa rangi nyekundu ambayo sasa imebanduka upande unaopigwa na maji. Nikishasoma kina, nakiandika kwenye daftari, na zamu za mashamba hupangwa kwa kufuata ninachoandika. Ni kazi ndogo isiyo na mshahara, lakini ndiyo iliyonifundisha mabadiliko ya tabianchi kabla sijalisikia neno lenyewe.

Anayeishi Usangu, bonde ambamo Mbarali imo, anajua uzito wa jambo hili. Mto Ruaha Mkuu hupita katika ardhioevu ya Ihefu, huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha huendelea hadi mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayozalisha umeme. Mwaka 1993 mto huo uliacha kutiririka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na tangu hapo wakulima na wafugaji wa huku juu tumekuwa tukitajwa kila mto unapokauka. Sehemu ya lawama hiyo ni yetu, kwa kuwa mifereji yetu ya udongo hupoteza maji mengi. Hata hivyo, lawama ikijadiliwa Dodoma au Nairobi na sisi hatupo, tunabebeshwa hata ile isiyo yetu. Ndiyo maana nilitaka kwenda.

Mwezi Julai 2023 nilichaguliwa kuhudhuria mafunzo ya vijana yaliyopangwa kufanyika Nairobi, sambamba na Mkutano wa Tabianchi wa Afrika uliofanyika kuanzia tarehe 4 hadi 6 Septemba. Barua ilisema "udhamini kamili". Nilimsomea baba maneno hayo mawili chini ya mwembe, nikayarudia mara mbili, na jioni ile jirani zetu wote walijua kwamba naenda Kenya. Ukurasa wa pili nilikuja kuusoma kwa makini baada ya siku tatu. Ulieleza kwamba kila mshiriki angejinunulia tiketi na kujilipia gharama zote za maandalizi, kisha angerudishiwa fedha zake ndani ya siku 30 baada ya kuwasilisha risiti.

Sikuwa na pasipoti. Nilidhani pasipoti ni shilingi 150,000 na mambo yamekwisha. Bado ninalo daftari nililoandika gharama zile, na leo nimelifungua tena: ada ya pasipoti, picha, kiapo cha kuzaliwa cha mama kwa kuwa hana cheti, na kiapo kingine kwa sababu herufi moja ya jina la babu ilitofautiana kati ya cheti changu na kitambulisho cha NIDA. Kisha kuna nauli ya Ubaruku hadi Mbeya mjini mara tano, malazi ya usiku mbili, na malipo ya steshenari, ambako umeme ulikatika wakati fomu yangu imefika nusu na ikabidi nilipie upya. Jumla ilifika shilingi 318,000, na hapo sijagusa tiketi. Baba aliuza magunia ya mpunga mwezi huohuo wa Julai, wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa, ilhali kila mwaka huwa tunasubiri hadi Desemba au Januari. Hakunilaumu hata mara moja, na kutolaumiwa kule kuliniuma zaidi.

Pasipoti yangu ilitoka tarehe 8 Septemba 2023, siku mbili baada ya mkutano kufungwa. Waandaaji, ambao sitawataja, niliwaandikia barua pepe ndefu kuwaeleza yaliyonipata, nao wakanijibu kwa mistari miwili kwamba wanasikitika na wananitakia heri katika maombi yajayo. Nilikuja kujua baadaye kwamba kwa safari ya Kenya ningeweza kuulizia uhamiaji hati ya dharura ya safari, ambayo ni nafuu kuliko pasipoti. Hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza. Kwa karibu mwaka mzima sikuomba nafasi nyingine yoyote, na kila nilipoona picha za vijana wenye beji shingoni nilifunga simu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye jibu la swali lako. Kinachomzuia kijana wa Makete, Mbarali au Ileje kufika kwenye mikutano hii mara nyingi ni fedha inayotakiwa kabla ya tiketi. Tiketi ya ndege ina mfadhili. Karibu kila tangazo linaitaja. Kiapo cha mama hakina mfadhili. Nauli ya basi ya kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, nayo haina. Kijana anayekaa Dar es Salaam na mwenye mzazi wa kumkopesha milioni mbili kwa mwezi mmoja anaweza kuishi na utaratibu wa kurudishiwa fedha, lakini wewe huwezi, na mimi sikuweza. Hapo wanaobaki nyuma ni walewale ambao matangazo yanasema yanawatafuta.

Mwaka 2025 nilichaguliwa tena, safari hii kwenda Bonn, Ujerumani, kwenye mikutano ya maandalizi ambayo sekretarieti ya Umoja wa Mataifa ya mabadiliko ya tabianchi huifanya huko kila Juni. Nilikaa na barua ile usiku mzima bila kumwambia mtu. Asubuhi, kabla ya kuthibitisha, niliandika hivi: "Nashukuru kwa kunichagua. Kabla sijathibitisha, naomba kuelezwa kwa maandishi nani atanunua tiketi, nani atalipa ada ya viza, kama nauli ya kwenda Dar es Salaam na malazi ya kusubiri viza yatalipwa kabla au baada ya safari, na kama posho itatolewa siku ya kufika au baada ya kurudi. Mimi ni binti wa mkulima na sina fedha ya kutanguliza." Sentensi ile ya mwisho niliifuta mara tatu na kuirudisha mara tatu. Niliogopa wangempa nafasi mtu asiye na maswali.

Walijibu baada ya siku mbili. Tiketi walinunua wao, na fedha ya viza, basi na malazi waliituma kwa simu. Afisa aliyeniandikia aliongeza kwamba mimi ndiye niliyeuliza wa kwanza, na kwamba baada ya swali langu waliwatumia wenzangu wote fedha ya kutanguliza. Hilo najivunia kuliko safari yenyewe.

Habari za viza sitaziandika kwa urefu, isipokuwa ujue kwamba viza ya Schengen, yaani ile ya kuingia Ujerumani na nchi nyingine nyingi za Ulaya, ni euro 90 tangu Juni 2024, kwamba utatakiwa kufika mwenyewe kwa ajili ya alama za vidole, na kwamba barua ya mdhamini inayosema wazi nani analipa nini ndiyo itakayokutetea pale watakapouliza taarifa ya benki ambayo huna. Jambo jingine ni beji ya kuingilia mkutanoni. Mikutano hii ya Umoja wa Mataifa haimruhusu mtu binafsi kujiandikisha. Lazima upendekezwe na serikali au na taasisi yenye hadhi ya mwangalizi, yaani iliyokubaliwa rasmi kuifuatilia mikutano hiyo. Watu wengi hupata fedha wakakosa beji, au hupata beji wakakosa fedha, kwa hiyo uliza yote mawili kwa pamoja. Mtandao wa vijana unaoitwa YOUNGO, unaotambuliwa rasmi katika mazungumzo hayo, ni mahali pazuri pa kuanzia, na kujiunga hakulipiwi.

Nilipofika Bonn nilikuta mkutano umekwama. Nchi zinazoendelea zilitaka ajenda iwe na mjadala kuhusu ibara ya 9.1 ya Mkataba wa Paris wa tabianchi, inayozitaka nchi zilizoendelea kutoa fedha za kuzisaidia nchi zinazoendelea, na ajenda haikukubaliwa hadi jioni ya siku ya pili. Nilikaa kwenye korido na daftari langu, nikiwaza kwamba hata mataifa yanabishana juu ya swali nililoliuliza mimi: nani analipa, na lini. Siku ya nne nilipewa dakika tatu katika kikao cha vijana. Nilionyesha picha ya kijiti chetu, nikasoma vina vya maji vya Oktoba kwa miaka mitatu mfululizo, nikakaa. Maswali niliyoulizwa yalikuwa ya watu waliotaka kujua mengi zaidi kuhusu kijiti. Kwa hiyo unapojaza fomu, andika kijiti chako wewe, chochote kile: viazi vyako vya Makete, baridi iliyounguza miche, kisima kilichoshuka. Maneno ya jumla kuhusu dunia kuungua wameshayasoma.

Vijana wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini, tuache kuona aibu ya kutaja umaskini wetu mbele ya mtu aliyesema anataka kuwasaidia maskini. Uliza kabla ya kukubali. Uliza kwa maandishi. Ukijibiwa "utarudishiwa", uliza tena. Na pasipoti usisubiri barua ndipo uitafute. Sisi Ubaruku tumeanzisha mchezo wa pasipoti, kila mmoja anatoa shilingi 2,000 kwa wiki na tunapeana kwa zamu; hadi sasa wanne wanazo, na wa tano atapokea mwezi ujao. Mwenzetu mmoja ambaye haoni anazo sifa kunishinda, lakini fomu humuuliza kama ana mahitaji maalumu na bajeti haimwekei nauli ya msaidizi. Kwa hiyo tumeamua kwamba mchezo utamlipia pasipoti yeye na dada yake anayemwongoza.

Na ninyi mnaotoa fedha, ikiwa mnasoma hapa: wekeni fungu la maandalizi, hata la shilingi 400,000 kwa mtu, na litumwe kabla. Msiseme vijana wa vijijini hawaombi. Wanaomba, wanachaguliwa, kisha wanaishia kwenye dirisha la uhamiaji.

Mdogo wangu wa Makete, nimesoma tangazo ulilonitumia. Linataka nakala ya pasipoti ifikapo mwisho wa mwezi ujao, kwa hiyo usianze na insha; anza na uhamiaji Njombe. Nimekutumia nauli leo asubuhi, usiirudishe. Umeniuliza kiapo cha mama kinagongwa muhuri na nani: ni wakili au hakimu, na kabla ya kutoka ofisini linganisha majina yote matatu na kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi.