Ngare Sero, ila mlima uwe usiku wa pili

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni wapi mtu mwenye siku tatu anaweza kuuhenyesha mwili porini na bado akarudi amepumzika. Nasema Ngare Sero, kaskazini mwa Tanzania, kijiji kilicho kati ya Ziwa Natron na mlima Oldoinyo Lengai. Kambi za mahema zipo, kadhaa zina bwawa la kuogelea. Kinachoharibu safari nyingi za huko ni ratiba: watu wanafika jioni wakiwa hoi, wanakula, na usiku huohuo wanapelekwa mlimani. Wengi hugeuzia katikati.

Barabara peke yake inachosha. Kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka ni saa tatu hadi nne za vumbi, mawe na makorongo. Jaza mafuta Mto wa Mbu na beba tairi mbili za akiba, maana mawe ya volkano hukata ubavu wa tairi, na pancha ya ubavuni haizibiki njiani. Kuna vizuizi kadhaa vya ushuru. Kila kimoja dai risiti na uitunze mpaka utoke. Ziwa liko mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na mchana joto hufika nyuzi 40. Mtu anafika akiwa amekaukiwa maji bila kujijua.

Siku ya kwanza basi iwe ya maporomoko ya mto Ngare Sero, karibu saa moja kwa mguu ndani ya korongo, mkivuka maji mara kadhaa. Malapa hayafai, mkondo unayavua. Vaa sendo zenye mikanda au raba kuukuu. Makatambuga waachieni Wamaasai, kwenye jiwe lenye utelezi yanataka mguu uliozoea. Mvua ikinyesha huko juu, mto hujaa huku kambini jua linawaka. Mwenyeji akikataa kuingia, msibishane naye.

Kesho yake alfajiri nendeni ziwani kuona heroe, yaani flamingo. Heroe wa aina ndogo wa Afrika Mashariki huzaliana hasa kwenye ziwa hili, kwa kuwa fisi na mbweha hawawezi kuvuka matope ya magadi. Hata wewe huyavuki: ganda jeupe linaonekana gumu, ukilikanyaga linavunjika, na tope linachoma visigino vyenye nyufa. Suuza miguu kwa maji safi mara moja.

Baada ya hapo ni kulala. Kabla ya kulipia kambi uliza swali moja: hema liko chini ya mti au paa la makuti? Turubai tupu saa saba mchana ni tanuri, na bwawa lisilo na kivuli halisaidii mpaka jua lishuke. Chakula chepesi saa kumi na mbili jioni, kuamka saa tano usiku, kuanza kupanda saa sita.

Lengai ina mita 2,962, na kwa usiku mmoja mnapanda zaidi ya mita 1,500 bila mti wala kivuli. Ndiyo maana haipandwi mchana. Ni volkano hai, ililipuka kwa nguvu mwaka 2007. Lava yake ina magadi mengi: hutoka nyeusi, ikipata unyevu hugeuka nyeupe, na weupe huo wengi huudhania theluji. Sehemu ya juu mteremko hukaribia nyuzi 45, jivu limeganda likawa mifereji, mnapanda kwa mikono na miguu. Glavu za mafundi ujenzi zinatosha. Beba lita tatu hadi nne za maji, taa ya kichwa na betri za akiba, na jaketi, kwani kileleni upepo ni mkali. Tembeeni mkiwa mmekaribiana, ili jiwe likimponyoka wa mbele limfikie wa nyuma kabla halijashika kasi. Kofia ngumu si mapambo.

Kileleni usisogelee ukingo wa kreta. Chini yake huenda pakawa patupu. Mkifika au msifike, jua likichomoza anzeni kuteremka. Kushuka ndiko kunakoumiza: magoti yanatetemeka na vidole vinagonga ncha ya kiatu, kwa hiyo kata kucha mapema na uwe na fimbo. Anayeshuka saa nne asubuhi kwenye jua, chupa zikiwa tupu, ndiye anayeteleza.

Siku ya tatu ni bwawa, usingizi, na kuondoka saa nane mchana ili makorongo yapitwe kukiwa bado na mwanga. Dereva asiwe miongoni mwa waliopanda. Katika masika, Machi hadi Mei, piga simu kambini asubuhi ya safari uulize kama makorongo yanapitika. Jibu la jana yake halina maana.