Jibu: Mtoto anaelewa Kiukraine ila anajibu Kijerumani
Mkuu, mtoto wa miaka 6 anayemwelewa mama yake Kiukraine kisha akajibu Kijerumani hajapoteza lugha, hana tu sababu ya kuisema. Mpeni sababu: bibi yake aliyebaki Ukraine, kama hajui Kijerumani, awe anapigiwa simu ya video kila jioni. Hapo atashika hata namna ya kuita. Kwa Kiukraine bibi ni babusia, lakini ukimwita unasema babusiu!

Herufi 33 za Kiukraine zisubiri kidogo. Shule za Jumamosi za Waukraine zipo miji mingi ya Ujerumani. Karibu na Pasaka mama achore naye pysanka, yale mayai ya nta na rangi (meza itachafuka, zoea). Na wewe jifunze Kiukraine. Akikusahihisha matamshi atajiona mwalimu.